Kulinda Mbwa Mwitu

Tangu asubuhi gari lilikuwa limeiacha barabara kuu pale Nangurukuru, na Erasmo, aliyekaa nyuma juu ya debe la chokaa akiyakumbatia makopo ya rangi yasipinduke, alikwisha kuchoka kuuliza wamefika wapi. Alikuwa mtu wa Lindi mjini kwa miaka mingi, na kwa mtu wa Lindi mjini wilaya ya Kilwa ni kile kinachoonekana kwenye dirisha la basi la Dar es Salaam: chai, karanga, choo, safari. Hakujua kwamba nyuma ya vile vibanda vya chai nchi inaendelea namna hii, korongo baada ya korongo, miombo baada ya miombo, mpaka inapogusana na pori la akiba ambalo hata waliolichora kwenye ramani hawajalimaliza kulitembea.

Kijiji cha Nakitope kikaja ghafla. Kwanza mbuzi barabarani, kisha ufuta uliokwisha kukatwa na kusimamishwa matita matita, kisha ukuta. Erasmo aliuona ukuta kabla hajamwona mtu. Lilikuwa ghala la chama cha ushirika, refu, la matofali ya saruji. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, mazao yalipimwa popote lori liliposimama, na ghala likaachiwa popo. Lakini upande wake wa barabarani ulinyooka vizuri mno. Erasmo alishuka bila kuambiwa, akaupapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe anayetaka kumnunua.

Ukizunguka pwani hii, kutoka Brava mpaka Sofala, utakuta kwamba kuta ndizo gazeti la watu wengi kuliko gazeti lenyewe. Erasmo alikuwa mmoja wa waandishi wa gazeti hilo. Alizaliwa Kitangari, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, mtoto wa mchonga mpingo aliyemcheka mwanawe kwa kupenda rangi. Kitu kisichoweza kuzungukwa nyuma, alisema baba yake, si kitu. Mapadre wa misheni ndio waliomfundisha herufi kubwa zenye vivuli, na herufi hizo zikamshusha Lindi, zikampa kazi serikalini na nyumba ya kupanga mtaa wa Mtanda, ambako mkewe Benadetha alikuwa na genge la nyanya na dagaa. Miaka ile ya siasa aliandika kaulimbiu kwenye kila ukuta uliokuwa na uso. Baadaye kaulimbiu zikapungua, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akapunguzwa pamoja nao. Akahamia kwenye maduka: saluni, duka la dawa, mashine ya kusaga. Halafu makampuni ya sabuni na soda yakaanza kuleta mabango yao ya bati, yamekwisha kuchapwa, yanang'aa, na kazi ya fundi ikawa kushika ngazi tu wakati wengine wanapigilia misumari.

Kilichobaki kwake kilikuwa kazi ya afya. Idara moja ikimaliza, nyingine inamwita. Alichora mbu wa malaria, mkubwa kuliko kuku. Alichora inzi wa kipindupindu, konokono wa kichocho, panya wa tauni, na mbwa koko mwenye ulimi wa povu, wa kichaa cha mbwa. Aliwachora vizuri, kwa mpaka mwekundu kuzunguka picha, kwa sababu mpaka mwekundu humsimamisha mpita njia. Benadetha alizoea kumwambia kwamba siku ya kiyama wadudu wote watamshitaki kwa kuwaharibia jina.

Kwa hiyo Klementi alipomjia pale gengeni, bwana wa mradi mwenye suruali ya mifuko mingi, kutoka shirika la kuhifadhi wanyama la Dar es Salaam, akamweleza kwamba wanatafuta fundi wa kuchora mbwa mwitu ili watu wampende, Erasmo alimtaka arudie. Ili watu wamfanyeje? Wampende, alisema Klementi. Mnyama huyu anakwisha. Nchi nyingi za Afrika zimekwisha kummaliza, na waliobaki wengi wako huku kusini kwetu. Fundi alikubali kabla ya kusikia mengine. Umri wake wote alikuwa amechora wanyama wanaotakiwa wafe. Huyu alikuwa wa kwanza anayetakiwa aishi.

Baba yake, aliyewahi kuvuka Ruvuma kufanya kazi kwa Wareno, alimwita mnyama yule mabeko. Waingereza, Klementi alimwambia wakiwa njiani, humwita mbwa aliyepakwa rangi. Jina hilo Erasmo alilipenda sana. Akasema basi Mwenyezi Mungu naye alipata kushika brashi.

Pale Nakitope Klementi alimkabidhi kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mikidadi Ngatuka, mtu mrefu mwenye kofia ya kitani na sauti ya chini. Akampa picha iliyokatwa kwenye jarida, na kipande cha karatasi chenye maneno matatu yaliyopitishwa ofisini: LINDA MBWA MWITU. Mafupi, alisema, hata anayesoma kwa kugonganisha herufi atayamaliza kabla hajapita. Kisha akaondoka na gari kwenda vijiji vya mbele, akiahidi kurudi wiki ile ikiisha.

Picha ya jarida haikumtosha fundi. Rangi zake zilikuwa zimefifia, na mnyama alikuwa amelala. Akamuuliza Mzee Ngatuka kama kuna mahali anaweza kuwaona wenyewe. Mzee alishangaa. Kuwaona ni kitu gani, alisema, wako kule kwenye mashamba yaliyoachwa, kila mwaka kiangazi huzalia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, yule mla mchwa. Hawana habari na sisi, na sisi hatuna habari nao. Alfajiri iliyofuata akampeleka, wote wawili wakiwa wamejitanda mashuka kwa baridi ya kusi, mpaka nyuma ya kichuguu kimoja. Wakalala kifudifudi.

Erasmo aliwaona jua likichomoza. Kwanza masikio, ya duara kama pawa za kifuu. Kisha rangi: nyeusi, manjano, nyeupe, zimemwagwa kila mmoja kwa namna yake, hakuna wawili waliofanana, na kila mmoja ncha ya mkia nyeupe kama brashi iliyochovywa kwenye chokaa. Wakubwa walikuwa wanarudi kutoka kuwinda. Watoto wakatoka shimoni wakiruka na kulialia, wakawalamba wakubwa midomo, na wakubwa wakawatapikia nyama. Mmoja wa wakubwa alikuwa na mguu uliovunjika zamani na haukuunga vizuri. Hakuwa amekwenda kuwinda. Naye alitapikiwa. Erasmo alitazama hilo kwa muda mrefu. Alikuwa amepunguzwa kazini na watu waliokula naye meza moja, na hakuna aliyekumbuka kumtapikia.

Mzee Ngatuka alikuwa akimtazama fundi zaidi ya kuwatazama wanyama. Wakati wa kurudi alimuuliza taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana mjinga, kama ni hawa hasa.

"Ndio hawa hawa," Erasmo alisema.

"Wana nini?"

"Wana mengi, mzee. Ni habari ndefu. Serikali inataka walindwe."

"Basi watalindwa," alisema Mzee Ngatuka.

Erasmo alichora kama hajapata kuchora. Alipaka chokaa ukuta mzima, akaacha ukauke, akawapanga wanyama wake kwa mkaa kuanzia mlango mpaka pembe ya mwisho: wanaokimbia, wanaocheza, yule kilema akilishwa. Watu walikuja kutazama, kwanza watoto, kisha wanawake waliotoka kisimani, kisha wanaume waliojidai kwamba wanapita tu. Bi Somoe, dada yake mwenyekiti, ambaye fundi alikula na kulala kwake, ndiye aliyeufungua utani. Wamatumbi na Wamakonde hawahitaji ruhusa kutaniana.

"Mmakonde katoka kwao mpaka huku kutuchorea mbwa," aliwaambia wenzake, fundi akiwa juu ya ngazi na anasikia. "Tumnyime kitoweo tuone. Kesho atachora nguruwe, halafu atamla na ukuta."

"Nguruwe nitamchora nikimaliza," Erasmo alijibu bila kugeuka, "nikipata shemeji wa kunikalia kama mfano."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akateremsha ndoo. Lakini Erasmo aliona kwamba kicheko kikiisha, walirudi kuutazama ukuta kwa uso mwingine, wa makini. Wakaulizana kwa Kimatumbi. Alidhani ni sifa. Siku ya kuandika maneno aliyaandika kwa herufi zake bora, zenye kivuli, kisha akazungusha mpaka mwekundu kuzunguka kazi yote, kama alivyozoea, ili mpita njia asimame.

Na wapita njia walisimama. Walilisoma tamko la ukuta kwa sauti, mmoja akimsomea mwenzake. Jioni ile mwenyekiti aliitisha mkutano hapo hapo mbele ya ghala, na fundi, aliyekuwa akiosha brashi kwa mafuta ya taa kando, alisikia kila neno. Mzee Ngatuka alisema wote wameona gari lilivyokuja, wameona kazi ilivyofanywa, na wenyewe wamesoma. Kijiji kilichoambiwa jambo na kikalala, likija la kuja, kisimlilie mtu. Kesho asubuhi kila nyumba itoe mtu mmoja wakalinde mbwa mwitu. Hakuna aliyepinga. Mtu mmoja tu aliuliza kama wanawake nao wanahesabiwa.

Erasmo aliinama juu ya kopo lake, macho yamejaa. Alifikiri jinsi atakavyomsimulia Benadetha. Usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyemaliza deni na ulimwengu.

Asubuhi alichelewa kuamka. Kijiji kilikuwa kimya. Bi Somoe alikuwa uani akipepeta ufuta, na fundi akamwamkia, shikamoo, naye akaitika marahaba na kumwonyesha uji uliofunikwa. Alikunywa akiwa amesimama. Kisha akauliza, ili apate tu la kusema, kwa nini amesikia watu wakitafuta pilipili alfajiri.

"Za moshi," alisema Bi Somoe. "Shimo la muhanga refu, jembe peke yake halifiki."

Erasmo hakuelewa. Akauliza moshi wa nini.

"Fundi, si wamekwenda kulinda mbwa mwitu? Si wewe uliyeandika?" Akaacha kupepeta. "Wamechukua na nyavu zile za nguruwe. Usihofu, kaka yangu anaijua kazi hiyo. Akilinda nguruwe hapa hata mhogo mmoja haung'olewi."

Kuna lugha ambazo humtenga anayetunzwa na anayefukuzwa kwa kisilabi kimoja, ukakosea ukachekwa. Kiswahili cha watu wenye mashamba hakikuona haja. Mtoto anayekesha mpungani na kopo la kugonga analinda ndege. Mama anayelala kwenye dungu katikati ya shamba la mhogo analinda nguruwe. Hajatokea mtu akadhani kwamba ndege na nguruwe ndio wanaotunzwa. Erasmo mwenyewe alilinda nyani utoto wake wote kule Kitangari, kwa kombeo na matusi. Neno alilijua tangu hajajua kuandika. Lakini lilikuwa limemjia kwenye karatasi ya ofisi, na alikuwa amezoea kwamba maneno ya karatasini hayana ndugu shambani.

Alikimbia. Njia aliyopita na mzee gizani hakuitambua mchana. Aliingia kwenye ufuta, akatokea kwenye mabua ya shamba jingine, akarudi, akapiga kelele, na jibu alilolipata lilikuwa lake mwenyewe likirudi kutoka kwenye miti. Moshi ndio uliomwongoza mwishowe. Ulikuwa umesimama wima, mwembamba, na alipoukaribia ulimkata koo.

Walikuwa wamekwisha maliza. Watu walikaa chini wakikohoa na kufuta machozi ya pilipili, wakitaniana. Watoto wa mbwa mwitu walilazwa kwenye majani, mmoja karibu na mwingine, wamejaa vumbi jekundu kiasi kwamba rangi zao hazikuonekana. Yule kilema alikuwa wavuni. Hakukimbia, mtu mmoja alieleza, alisimama mlangoni mwa shimo mpaka mwisho, akahangaisha watu kweli kweli. Wakubwa wengine walikuwa bado mawindoni.

Mzee Ngatuka alimwona fundi anatoka majanini, shati limechanika, akamkaribisha kwa mikono miwili.

"Kazi yako imesema, fundi," alimwambia. "Watu hawa hawajapata kuielewa serikali upesi namna hii."

Erasmo alikaa chini. Alisema pole pole, kwa maneno machache, kile ambacho ukuta ulikusudia kusema. Kwamba hawana ugonjwa. Kwamba wamebaki wachache. Kwamba Klementi na watu wake walitaka waachwe, na zaidi ya kuachwa, watunzwe. Utani ulikufa kuanzia walio karibu naye mpaka walio mbali. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika fungu la pilipili zilizobaki alilificha kwenye khanga.

Mzee Ngatuka alivua kofia yake, akaitazama ndani.

"Kulinda ndege ni kufanyaje, fundi?"

"Ni kuwafukuza."

"Na nguruwe?"

Erasmo alikuwa akiutazama wavu.

"Miaka na miaka hawa tumewaacha hapa," alisema mzee. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Hatukuwa na neno nao. Tukaletewa gari, tukaletewa rangi, na mpaka mwekundu kama wa kipindupindu. Nikakuuliza, wana nini? Ukaniambia wana mengi." Akavaa kofia. "Ungeandika msiwaue. Hilo tunalijua."

Waliwazika palepale, ndani ya shimo lao. Hakuna aliyeagiza. Watu walishika tu majembe yale yale na kurudisha udongo.

Mchana Erasmo alipanda ngazi. Alilifuta neno LINDA kwa chokaa mara tatu, kwa kuwa nyeusi yake ilikuwa nzuri na haikukubali kufutika, na juu yake akaandika MSIWAUE. Mpaka mwekundu akaukwangua kwa kisu mpaka saruji ikaonekana. Watu walipita nyuma yake wakielekea msikitini na kisimani. Walisoma, na hawakusomeana kwa sauti. Bi Somoe alimletea maji ya kunywa. Alisimama chini ya ngazi akisubiri kikombe, na safari hii hakutania. Alisema tu kwamba mwandiko ni mzuri.

Alfajiri iliyofuata wakubwa wa mbwa mwitu walirudi. Erasmo aliwasikia akiwa kitandani: sauti ya chini, ya duara, kama mtu anayepuliza mdomoni mwa chupa, ikiita kutoka kule kwenye mashamba yaliyoachwa. Iliita, ikahama mahali, ikaita tena. Mtu aliyeamka kwa swala alisimama uani kusikiliza, kisha akaendelea na udhu wake. Wakaita hivyo alfajiri zilizofuata, kila siku kutoka mbali zaidi kidogo, mpaka Erasmo akawa hana hakika kama anawasikia au anawakumbuka. Aliwaza kwenda. Kufanya nini huko, hakujua.

Klementi alirudi na gari kama alivyoahidi. Aliutazama ukuta kutoka barabarani akatabasamu, akatoa kamera, akapiga picha moja, akataka kupiga ya pili, akaishusha. Aliuliza kwa nini maneno yamebadilishwa. Erasmo alimwambia. Alimweleza yote akiwa amesimama, na Klementi akayasikiliza yote akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye ngazi ya ghala na kuifungua chupa yake ya maji bila kunywa. Hakuwa mtu mbaya. Alisema neno lile lilipitishwa na watu wengi wenye nia njema, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na shamba.

"Basi tumshukuru Mungu ni ukuta mmoja," Erasmo alisema.

Klementi alitazama chupa. Si mmoja, alisema. Vijiji vya mbele, upande wa Liwale, aliwakabidhi mafundi wengine wawili wiki hii hii, maneno yale yale. Mmoja alikuwa anaanza kupaka chokaa alipomwacha. Wa pili alikuwa ana haraka, ni fundi wa kazi nyingi, pengine amemaliza. Simu huko hazipo. Ni mwendo wa siku nzima, kama korongo la katikati halijachimbika tena.

Hawakujadiliana. Erasmo aliingia ndani kuchukua shuka lake, akamuaga Bi Somoe, akapakia kopo la nyeusi na chokaa iliyobaki chini kabisa ya debe, nayo haikuzidi ya kufutia neno moja. Mzee Ngatuka alikuja mpaka kwenye gari. Alisema kule mbele kuna jamaa zake, mwenyekiti wa huko amemuoa binti ya shangazi yake, ni mtu msikivu. Kisha akaongeza, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba ndicho anachokihofia. Yule bwana akiambiwa jambo na serikali, halali nalo.

Injini ilikataa mara mbili, ya tatu ikashika. Erasmo alikuwa amekaa nyuma kama alivyokuja, sasa uso umeelekea mbele, mkono mmoja juu ya paa la gari kana kwamba anaweza kulisukuma. Hakupunga. Gari likapita ghala, likapita matita ya ufuta, likateremka korongoni, likasikika likipanda ng'ambo kwa gia ndogo, likasikika tena kwa mbali, halafu halikusikika.

Mzee Ngatuka alibaki barabarani. Bi Somoe alimuuliza kama fundi atawahi. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza upande wa pori kama wale wakubwa bado wanaita. Baadaye kidogo alimwambia dada yake awaingize mbuzi, jua limekwisha kushuka.